Muziki mpya kila Ijumaa: mwongozo kamili wa kuusaka muziki wa elektroniki na muziki mbadala ukiwa Lamu

Mimi ni fundi simu hapa Langoni. Kutwa nzima mezani pangu hapakosi vioo vilivyopasuka, chaji zilizokufa na bisibisi ndogo ndogo, na sikioni mwangu hamkosi muziki ambao wengi wanaopita njia hii hawajausikia: singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, kelele za Kampala, sauti ndefu tulivu za kijana wa Nairobi aliyehamia Berlin. Mtoto wa kaka yangu hupita kila jioni akitoka skuli, huchomoa eafoni moja sikioni mwangu, akasikiliza kidogo, kisha huniuliza lile lile: "Ami, hizi unazitoa wapi?"

Nimemjibu vipande vipande, leo hiki, kesho kile. Hapa nayaandika yote kwa mpango, kwa ajili yake na kwa yeyote wa pwani anayetaka kujua kilichotoka wiki hii bila kumaliza pesa zake kwenye bando.

Ielewe Ijumaa kwanza

Tangu tarehe 10 Julai 2015, lebo nyingi duniani, yaani kampuni zinazotoa muziki, hutoa albamu mpya siku ya Ijumaa. Zamani kila nchi ilikuwa na siku yake: Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne, Ujerumani na Australia Ijumaa. Albamu ikifunguliwa Berlin Ijumaa, mtu wa New York aliingoja mpaka Jumanne au aliiiba mtandaoni, na walioiba hawakuwa wachache. IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, ndilo lililosimamia mabadiliko hayo mpaka dunia ikashika siku moja.

Kwetu Lamu siku hiyo ina uzito wake. Nyimbo huanza kufunguka saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati nyumba nyingi za mjini ziko kwenye visomo au zimeshalala. Mchana wake maduka hufungwa kwa sala. Basi mimi Ijumaa sisikilizi, nakusanya tu, jioni, baada ya kufungua kibanda tena. Mwanzoni niliona nachelewa, lakini nimekuja kuamini kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kukusanya ni kazi moja na kusikiliza ni kazi nyingine. Ukizifanya pamoja utasikia nusu dakika ya kila kitu na hakuna hata kimoja kitakachokukaa.

Si kila kitu hungoja Ijumaa. Maprodyuza wanaotoa kazi zao wenyewe kupitia SoundCloud au Bandcamp, tovuti ambako wasanii huweka muziki wao, hupandisha siku yoyote, wakati mwingine usiku ule ule ngoma ilipomalizika. Hao hawashikwi kwa kalenda, hushikwa kwa kuwafuata mmoja mmoja. Nitafika huko.

Bando: piga hesabu kabla ya kubonyeza

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na bando ndilo buyu lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua GB 1 Ijumaa asubuhi nikaona nimejitosheleza kwa wiki. Nikawa naonja nyimbo kupitia video, simu ikawa inajichezea video nyingine kila moja ikiisha, mimi nimeinamia kubadilisha kioo cha mteja. Kabla ya alasiri meseji ikaingia kwamba bando limekwisha, na albamu niliyoitaka sikuwa nimeifungua bado.

Hesabu ni nyepesi. Sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Ukisikiliza kwa kilobiti 96, saa moja hula kama MB 43. Kwa kilobiti 128, ambacho ndicho kiwango cha kusikiliza bure Bandcamp, saa moja ni kama MB 58. Kwa 160 ni MB 72, na kwa 320 ni MB 144. Kwa hiyo albamu ya dakika 40 kwa kilobiti 128 haifiki hata MB 40. Video ndiyo inayomaliza watu. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako, ushushe ubora wa sauti unapotumia data, uuache juu kwenye waifai, kisha uzime kile kitufe kinachoruhusu wimbo unaofuata kujianzisha wenyewe.

Kuna jambo lingine la mji wetu. Nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na ndani kabisa mtandao huja na kupotea. Nikitaka kupakua albamu nzima hupanda juu darini usiku, simu nikaiweka ukingoni, nikaiacha ifanye kazi nami nikaendelea na mambo yangu. Kupakua mara moja na kusikiliza mara kumi ni nafuu kuliko kustirimu, yaani kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, mara kumi. Jambo hilo moja ukilishika, bando litakutosha.

Sikio nalo lina kifaa chake

Nazifungua simu kila siku, nazijua spika zake. Ni kidude chembamba kama ukucha, na besi ya chini hakiwezi kuitoa. Muziki wa elektroniki nusu ya habari yake iko kwenye besi. Ukiisikiliza gqom, muziki wa dansi wa Durban, kwa spika ya simu utasikia makofi na kelele za juu, kisha utasema huu muziki hauna kitu, na utakuwa umeuonea. Nunua eafoni za waya zinazoziba sikio vizuri. Kama pesa ni chache, waya nzuri ni bora kuliko bluetooth ya bei rahisi, na siku umeme umekatika huhitaji kuichaji. Hicho ndicho kifaa cha kwanza, kabla ya programu yoyote.

Fuata lebo kabla ya kufuata wimbo

Sasa tumefika kwenye kiini. Wimbo ukikupendeza, usiishie kwenye wimbo. Uliza: nani ameutoa? Lebo ndogo ni kama duka la mtu mwenye jicho. Akikuuzia kikoi kizuri leo, utarudi kuangalia alicholeta wiki ijayo, hata kama hujui kimefumwa na nani.

Chukua mfano niliompa kijana wetu. Alikuja na wimbo mmoja wa Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliochanganya mayowe ya metali, muziki mzito wa gitaa, na mashine za ngoma. Albamu yao yenye jina hilo hilo ilitoka mwaka 2020. Nikamwambia tufungue ukurasa wake Bandcamp, tusome chini. Lebo: Nyege Nyege Tapes, Kampala. Tukabonyeza jina la lebo, na pale pale mlango ukafunguka. Tukakuta *Sounds of Sisso* ya mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli uliopikwa kwenye studio ya Sisso, Dar es Salaam, muziki unaokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Tukamkuta Bamba Pana na *Poaa* ya 2018, Jay Mitta na *Tatizo Pesa* ya 2019, na DJ Travella na *Mr Mixondo* ya 2022. Wote hao ni wa Tanzania, na kijana alikuwa hajui hata jina moja.

Tukaendelea. Lebo hiyo ina dada yake, nayo inaitwa Hakuna Kulala. Humo tukamkuta Slikback wa Nairobi, na MC Yallah, mwanamke anayerap Kiswahili na Luganda juu ya midundo inayokwaruza. Kwa kuanza na wimbo mmoja, jioni moja, kijana aliondoka na majina saba na lebo mbili. Ukijua lebo ishirini za namna hiyo, wiki yako imejaa.

Mtu wa pwani ana sababu ya pekee ya kuisikiliza singeli kwa makini. Sehemu ya mizizi yake ni vipande vya taarab vilivyokuwa vikizungushwa na kukimbizwa kwenye sherehe za uswahilini Dar, huku mtu wa maiki akichana juu yake. Mtu aliyelelewa na sauti ya udi na ya kinanda ukumbini siku ya harusi atakitambua kitu humo ndani, hata kikiwa kimekimbizwa mara mbili. Bibi yangu aliwahi kusikia sekunde kumi tu kutoka mezani pangu akasema, "Huyo kinanda ni wetu, mbona anakimbizwa?" Alisikia vizuri kuliko wengi.

Mfano wa pili ni wa upande wa utulivu. KMRU, jina lake Joseph Kamaru, ni mzaliwa wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu. *Peel* yake ilitoka mwaka 2020 kwa Editions Mego, lebo ya Vienna. Hakuna ngoma humo. Kuna sauti zinazovimba na kupungua taratibu kama maji ya mkondo. Ukibonyeza lebo hiyo unaingia chumba kingine kabisa, cha muziki wa majaribio wa Ulaya, na umefunguliwa mlango na mtu wa Nairobi.

Namna ya kufanya ni hii. Fungua akaunti ya bure Bandcamp. Kila lebo au msanii unayempenda, bonyeza kitufe cha kumfuata, na kila akitoa kitu kipya utapata barua pepe. Tengeneza anwani ya barua pepe ya muziki peke yake, isichanganyike na ya kazi. Kisha angalia chini ya albamu uliyoipenda: kuna picha ndogo ndogo za watu walioinunua. Bonyeza mmoja. Utaona mkusanyiko wake wote. Mtu aliyetoa pesa yake kwa kitu unachokipenda wewe, bila shaka ana vingine vitano usivyovijua. Hii kwangu ndiyo njia bora kuliko zote, na ni bure.

Unaweza pia kutafuta humo kwa neno la aina ya muziki au mahali: andika singeli, au jina la mji kama Nairobi au Kampala, kisha upange kuanzia kilichoingia karibuni. Na kwa kumbukumbu za zamani kuna Discogs, hazina iliyoanzishwa mwaka 2000 inayoorodhesha nani alipiga, nani alirekodi, nani alisafisha sauti mwisho. Majina ya hao wa mwisho yafuate pia.

Kwa kuanzia, nje ya hizi za kwetu, mimi hupita Hyperdub ya London, Warp iliyoanza Sheffield mwaka 1989, Príncipe ya Lisbon ambako watoto wa wahamiaji wa Angola na visiwa vya Afrika wanatengeneza muziki wao wa dansi, na 4AD kwa upande wa gitaa na muziki mbadala.

Wachaguzi: redio na miksi

Hakuna mtu anayeweza kusikiliza kila kitu kinachotoka. Tafuta watu wanaosikiliza kwa niaba yako. NTS, redio ya mtandaoni iliyoanza London mwaka 2011, ina chaneli mbili za moja kwa moja, na vipindi vya zamani vimehifadhiwa bure, vingi vikiwa na orodha ya nyimbo zilizopigwa. Hiyo orodha ndiyo mali. Chagua watangazaji watatu tu ambao ladha yao inakaribiana na yako, usikilize kila wanaporudi. Watatu wanatosha. Ukichukua thelathini utarudi kwenye kuonja onja.

Kwenye miksi za SoundCloud, nyimbo nyingi zilizounganishwa na dijei mmoja, mara nyingi utasikia ngoma isiyotajwa. Shazam, programu ya kutambua nyimbo, huijua kama imeshatoka, na kama haijatoka hukaa kimya. Andika dakika na sekunde, usogee. Wimbo unaochezwa na madijei leo bila jina, aghalabu utaukuta umetolewa baada ya miezi michache, na utafurahi kuwa uliujua kabla haujatajwa.

Mapendekezo ya mashine nayo yana nafasi, ila ndogo. Spotify, programu ya kusikiliza muziki, iliingia Kenya Februari 2021. Orodha yake ya matoleo mapya hubadilika Ijumaa, na ile ya kukuvumbulia nyimbo hubadilika Jumatatu. Huzipitia mara moja nikaziacha. Mashine inakujua ulivyokuwa jana. Ukisikiliza singeli wiki mbili mfululizo itakuletea singeli mpaka mwisho wa dunia, na haitakupeleka Vienna.

Wiki yangu inavyokwenda

Jumatano usiku natazama kilichotangazwa. Albamu nyingi hutangazwa wiki kadhaa kabla, wimbo mmoja au miwili ikiwa wazi, na ukurasa wake unaonyesha tarehe itakapofunguka. Naiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu siku ile ile, maana nikisema nitakumbuka, sikumbuki.

Ijumaa jioni nafungua barua pepe ya muziki, naangalia kilichofunguka, naonja kila kimoja dakika moja na nusu: sekunde thelathini za mwanzo, thelathini za katikati, thelathini karibu na mwisho. Muziki wa elektroniki huchelewa kuanza, kwa hiyo ukihukumu kwa mwanzo pekee utakosa mengi. Hapo nachagua albamu nne. Si tano. Wiki niliyowahi kuhifadhi zaidi ya arobaini sikusikiliza hata moja mpaka mwisho, na mpaka leo majina yale yananidai.

Jumamosi usiku napakua. Jumapili ndiyo siku ya kusikiliza kwa kweli. Kutoka mjini mpaka Shela kwa miguu kando ya bahari ni kama dakika 40 au 45, na huo ni urefu wa albamu. Nangoja maji yakupwe, naweka simu mfukoni nikiwa nimeshaanzisha wimbo wa kwanza, na siigusi tena mpaka nifike. Siruki wimbo. Mara nyingi ule ambao ningeuruka nikiwa kibandani ndio ninaouimba ninaporudi. Nakumbuka kusikia *Peel* kwa mara ya kwanza njiani hapo: mashua ilipita na injini yake, nikavua eafoni nijue kipi ni injini na kipi ni albamu, nikazirudisha, na mpaka leo vipande vile vina mashua ndani yake. Narudi na albamu ya pili. Zile mbili zilizobaki huzigawa Jumatatu na Jumanne, mezani, kazi ikiwa ya kuchomelea na si ya kuongea na wateja. Adhana ikitolewa, nazima.

Daftari

Hiki ndicho kitu ninachokililia zaidi, na ndicho ambacho vijana hawakitaki. Nunua daftari la kurasa 96, au tumia sehemu ya kuandika kwenye simu, ila mkono hukumbuka zaidi. Kila albamu niliyoisikiliza mpaka mwisho naiandikia mstari mmoja: msanii, jina la albamu, lebo, mji, tarehe ilipotoka, dakika iliyonishika, na nafasi ya mwisho, nani aliyenifikisha hapo.

Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Barazani pale Mkunguni, mtu akija na habari, kabla hajamaliza ataulizwa, "Nani kakwambia?" Si kwamba hawamwamini. Wanataka kujua uzito wa habari yenyewe. Na muziki ni hivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu pitia nafasi ile ya mwisho, uhesabu. Mimi nilipohesabu mara ya kwanza niliona mtangazaji mmoja na mkusanyiko wa mnunuzi mmoja wa Bandcamp nisiyemjua ndio walionipa karibu nusu ya vitu nilivyovipenda. Orodha kubwa maarufu niliyokuwa nikiipitia kila wiki kwa nusu saa ilinipa kimoja. Nikaiacha, nusu saa ile ikarudi kwangu.

Kwa hiyo kila miezi mitatu: ondoa wawili wasiokuletea kitu, ongeza wawili wapya. Usiongeze bila kuondoa.

Kulipa

Ukisikiliza kitu mara tatu na bado unakitaka, kinunue. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali na nyingi inayobaki humfikia msanii au lebo yake. Kuna Ijumaa kadhaa za mwaka, zilizoanza Machi 2020 wakati korona ilipowafungia wanamuziki kumbi, ambapo kampuni huacha fungu lake. Mimi huweka akiba ninunue siku hizo. Albamu nyingine zina bei ya hiari: unaandika unachoweza, hata kidogo, na si aibu.

Kama huna kadi ya benki, M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya simu yako, ukalipia nayo. Hakikisha pesa unayoweka inazidi bei kidogo, maana dola ikibadilishwa kuwa shilingi hupanda kwa vichele na malipo yakakataliwa.

Ukishanunua unachagua aina ya faili. Kwa simu chukua MP3 ya kilobiti 320: albamu ya dakika 40 ni kama MB 96. FLAC ina sauti kamili lakini huweza kufika mara mbili au tatu ya hapo, iache mpaka uwe kwenye waifai na kompyuta. Weka nakala kwenye memori kadi, na nakala nyingine nje ya simu. Nasema kama fundi: kila mwezi huletewa simu iliyotumbukia baharini pale gatini, na mwenyewe halii simu, analia vilivyokuwa ndani. Ila ulichonunua Bandcamp hubaki kwenye akaunti yako, unakipakua tena. Andika neno la siri la akaunti hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na daftari uliache nyumbani.